Maji ya Kibra na Kawangware Yanaishia Sabaki: Historia ya Mto Tunaouita Mtaro

Ukitupa chupa ya plastiki kwa mtaro wa Gatina pale Kawangware, na beshte yako atupe nyingine kwa mtaro wa Lindi huku Kibra, hizo chupa mbili zina miadi. Ya Kawangware itafuata vijito vinavyoshuka kuelekea Lavington na Kileleshwa, iingie Nairobi River, ipite Museum Hill, Globe, Gikomba na Korogocho. Ya Kibra itaingia Ngong River, ikwame kidogo kwenye magugu ya Nairobi Dam, kisha mvua kubwa iisukume mpaka Industrial Area na Mukuru. Zitakutana upande wa Njiru. Kutoka hapo safari ni moja: mto Athi, Fourteen Falls, Ukambani, halafu Tsavo, ambako mto unabadilisha jina na kuitwa Galana. Ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Kilomita chache kaskazini mwa Malindi, unaingia Bahari ya Hindi.

Mto mmoja, majina mengi. Na sisi tunaokaa juu kabisa tumezoea kuuita mtaro.

Pale Sabaki inapoingia baharini ni mlango wa mto. Hapo maji ya bara yanachanganyika na maji chumvi, na mahali kama hapo ndipo samaki wengi na kamba hukulia kabla hawajaenda baharini. Kuna mikoko, kuna viboko, kuna flamingo na ndege wanaotoka mbali sana, mpaka Madagaska. Watu wa Pwani wakitaja maji yasiyo na chumvi wanasema maji baridi. Sasa cheki jina la mji wetu: Nairobi limetoka kwa Kimaasai, Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Kwa hivyo mvuvi wa Sabaki akisema maji baridi yamekuja machafu mwaka huu, anatutaja sisi bila hata kujua.

Naandika hii kwa sababu mto unasafishwa tena. Machi 2025 serikali ilizindua mradi mkubwa wa kufufua mito ya Nairobi, kuliundwa Tume ya Mito ya Nairobi, na vijana wengi wa mtaa wameshika reki na jembe chini ya Climate WorX. Wengine mnaosoma hapa mko kwa hiyo kazi. Mimi sipingi kazi. Ninachosema ni kwamba tumeshawahi kuwa hapa, zaidi ya mara moja. Kwa miaka zaidi ya mia moja, kila serikali imewatazama watu wa kando ya huu mto kama sehemu ya uchafu, na kila mara mto ukarudi vile ulivyokuwa. Vitu vichache vilivyodumu vilidumu kwa sababu wakaazi walikuwa washirika, si vibarua. Hebu tuifuate hiyo historia polepole.

Nani aliwekwa wapi

Reli ilifika Nairobi Mei 1899. Wahandisi walichagua hapa kwa sababu palikuwa tambarare na palikuwa na maji, kabla treni ianze kupanda kuelekea Limuru na Bonde la Ufa. Hawakuwa wanapanga mji. Walikuwa wanapanga kituo cha treni. Mji ukajijenga wenyewe juu ya kinamasi, na kufikia 1902 kulikuwa na tauni. Dawa ya serikali ilikuwa kuchoma bazaar ya Wahindi. Huo mtindo uanzie kuuweka akilini: shida ikiwa ni mfereji na choo, suluhisho likawa kuondoa watu.

Mwaka 1904 askari wa Kinubi, waliotoka Sudan na kutumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, yaani KAR, walianza kuwekwa kwenye msitu ulio kusini-magharibi mwa mji. Wao wakauita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Lakini hawakupewa hati. Walipewa ruhusa ya kukaa. Hati ya Wanubi ilikuja Juni 2017, ikawa ya ekari 288. Hesabu hiyo fanya mwenyewe.

Kawangware ina historia tofauti. Hiyo ilikuwa Dagoretti, ardhi ya familia za Wakikuyu pembeni mwa mji. Mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa uhuru, mashamba yakajikuta ndani ya Nairobi. Wenye ploti wakajenga nyumba za mabati za kupangisha, mstari kwa mstari, mpaka ukingo wa kijito. Kwa hivyo Kibra mtu anakaa kwenye ardhi ambayo serikali inasema ni yake, na Kawangware mtu anakaa kwenye ploti yenye mwenyewe na hati. Hii tofauti nitairudia, kwa sababu ndiyo inaamua nani anaweza kuulinda mto na nani hawezi.

Kitu kimoja tu kilikuwa sawa: bomba la majitaka halikuja. Bomba huja kwa nyumba ambayo inatambuliwa kwenye ramani. Mtaa ambao kila mwaka unaambiwa ni wa muda, nani atauchimbia bomba la kukaa miaka hamsini? Mto ukapewa hiyo kazi.

Huku chini, mwaka 1914

Wakati Kibra inaanza, kule mwisho wa mto kulikuwa na vita. Wengi tunamjua Mekatilili wa Menza kama yule mama aliyewahamasisha Wagiriama mwaka 1913 wakatae kodi na wakatae vijana wao kupelekwa kufanya kazi kwa Wazungu. Kitu hakitajwi sana ni kwamba mto Sabaki ulikuwa katikati ya hiyo kesi. Wagiriama walikuwa wamevuka na kulima ng'ambo ya kaskazini, ardhi nzuri, na mavuno yao yaliwafanya wasihitaji kibarua cha mtu. Mwingereza akawaamuru watoke kando hiyo ya mto warudi kusini. Mekatilili alikamatwa akapelekwa mbali mpaka Kisii, akatoroka akarudi Pwani. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, askari wakatumwa, nyumba zikachomwa. Askari wenyewe walikuwa wa KAR, jeshi lile lile lililowapa watu wake Kibra.

Miaka michache baadaye serikali iliwaruhusu Wagiriama warudi ng'ambo. Yaani damu ilimwagika kwa amri ambayo waliotoa walikuja kuiacha wenyewe.

Naweka hii hapa kwa sababu watu wakisikia historia ya mito ya Kenya wanafikiria mambo ya miti na samaki. Ncha zote mbili za huu mto zina historia ya watu kuambiwa: mto ni mzuri, nyinyi mtoke.

Bwawa lililokuwa na mashua

Nairobi Dam ilijengwa 1953 kama akiba ya maji ya mji. Ukienda leo upande wa Silanga unaona bonde la kijani, mtu amepanda mboga, magugu maji yamejaa, na hakuna dalili ya ziwa. Lakini hapo palikuwa na klabu ya mashua. Watu walikuwa wanakuja wikendi kupeperusha matanga, na wengine kuvua samaki. Uliza wazee wa Makina watakusimulia.

Bwawa halikufa siku moja. Mtaa uliongezeka juu yake bila vyoo vya kutosha na bila gari la taka. Kinyesi kikaleta rutuba, rutuba ikaleta magugu, magugu yakakamata udongo na plastiki, na kina kikapanda mpaka bwawa likawa shamba. Hii ni kanuni ya mto wowote: maji yakipunguza mwendo, yanaangusha mzigo. Nairobi Dam ilikuwa mahali pa kwanza maji yetu kupunguza mwendo. Mlango wa Sabaki ni mahali pa mwisho. Kilichotokea hapa Kibra ndani ya macho yetu ni picha ndogo ya kinachoweza kutokea kule.

Na usifikirie ni Kibra peke yake iliyoleta huo uchafu. Mwaka 2019 NEMA ilifunga viwanda kadhaa Nairobi kwa kumwaga maji machafu mtoni. Mwezi Agosti 2018, kituo cha mafuta na mkahawa vilibomolewa Kileleshwa kwa sababu vilikuwa vimejengwa kwenye ukingo wa Kirichwa Kubwa, kijito kinachopokea maji ya upande wetu wa Kawangware. Maduka makubwa Lang'ata na Westlands pia yakaenda chini. Kumbe hata waliosoma na wenye makampuni walijenga juu ya mto. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na vibali vya kubishania kortini.

Matumbawe hayasahau

Kuna shahidi mmoja wa hii historia ambaye hawezi kuhongwa. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa 1968, kuna matumbawe makubwa ambayo hukua kidogo kidogo kila mwaka na kuacha tabaka, kama mti unavyoacha miduara. Udongo unaoletwa na mto una madini ya bariamu, na matumbawe hujengewa nayo. Wanasayansi walitoboa tumbawe lenye miaka kama 300 wakapima tabaka moja baada ya nyingine, matokeo yakachapishwa 2007.

Walichokuta ni hiki. Kati ya 1700 na 1900 hakuna mabadiliko makubwa, mto unaleta udongo wake wa kawaida. Kuanzia karibu 1900 mstari unaanza kupanda na haurudi chini. Kilele ni kati ya 1974 na 1980, ambapo udongo ulifika mara tano hadi kumi ya ule wa asili.

Rudi kwa hizo tarehe. 1900 ni nini kilitokea? Reli, walowezi kuchukua nyanda za juu, Waafrika kusukumwa kwenye ardhi finyu na miinuko mikali, misitu kukatwa. Udongo mwingi ulitoka kwa mashamba ya juu na Ukambani, tusidanganyane kwamba ulitoka Kibra. Sisi tunaongeza majitaka na plastiki juu ya huo udongo. Lakini chanzo ni kile kile: watu walipangwa upya kwenye ardhi bila mtu kufikiria maji yataenda wapi.

Na mambo ya mlango wa mto si rahisi ati udongo ni mbaya na basi. Matope hayo hayo yamewapa ndege uwanja na yameipa mikoko mahali pa kusimama. Wakati huo huo yanafunika matumbawe yanayohitaji maji maangavu. Ndiyo maana anayekaa pale ndiye anayejua: anaona mkondo umehama, anaona samaki gani wamepungua, anaona mikoko ya upande gani imeanza kukauka. Hakuna mtu wa ofisini Nairobi anaweza kuona hayo kwa ziara ya siku moja.

Misimu ya kusafisha

Sasa tuangalie usafi wenyewe.

Mwaka 1999 kulianza mpango wa bonde la mto Nairobi, Umoja wa Mataifa ukiwemo kupitia UNEP, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Gigiri. Ripoti nzuri ziliandikwa. Mwaka 2008 John Michuki akawa waziri wa mazingira, na huyo mzee alikuwa anatisha. Pale karibu na Globe, mahali palipokuwa jalala na gereji, pakawa bustani, na maji yakaanza kuonekana maji. Alifariki Februari 2012. Bustani ilipewa jina lake, ikaachwa, ikaharibika, ikabidi ifufuliwe tena 2020.

Mwaka 2014 NYS ilikuja Kibra. Vijana walilipwa kwa siku, barabara zikapanuliwa, vyoo vikajengwa, mitaro ikazibuliwa. Kwa miezi kadhaa Kibra ilikuwa inabadilika, hakuna atakayekataa. Halafu 2015 ikaja kashfa ya Sh791 milioni, pesa zikakauka, na jembe likawekwa chini. Mwaka 2020 wakati wa korona ikaja Kazi Mtaani, tukazibua mitaro ile ile.

Unaona kinachofanana? Kijana analipwa kwa siku kuokota taka. Siku malipo yanaisha, hana tena sababu wala mamlaka ya kumwambia mtu asitupe. Hana ufunguo wa choo, hana mkataba wa ukingo, hana kiti kwenye kikao. Kazi ilikuwa yake, mto haukuwa wake.

Halafu ikaja 2024. Mvua za Aprili na Mei ziliua watu zaidi ya 250 nchi nzima. Mto ulirudi kwenye bonde lake na ukachukua nyumba Mathare, Mukuru na Kibra. Serikali ikatoa makataa ya siku mbili kwa waliokaa kando ya mito, tingatinga zikaja, na familia zikaahidiwa Sh10,000. Najua kuna mtu atauliza: ulitaka waachwe wazame? Hapana. Kuna nyumba hazifai kuwa pale zilipokuwa, na mama yeyote aliyebeba mtoto usiku ule kwenye maji ya kiuno hahitaji mhandisi kumwambia. Kanuni zetu zinasema ukingo ni mita 6 hadi 30 kutegemea mto, na hiyo nafasi ina kazi yake. Ninachouliza ni hiki: ukishatoa watu, nani anabaki kulinda hizo mita 30? Mahali pengi jibu lilikuwa hakuna mtu. Na ukingo usio na mtu Nairobi unageuka jalala, au unageuka ploti ya mwenye nguvu.

Waliobaki wakasimama

Kuna mahali ambapo mambo yalienda tofauti, na yote yanafundisha kitu kimoja.

Hapa Kibra, tangu 2006, shirika la Kounkuey Design Initiative limefanya kazi na vikundi vya wakaazi kugeuza majalala kando ya mto kuwa viwanja vya umma. Wanakaa kwanza na kikundi, wanauliza mnataka nini. Watu hawakusema wanataka ukingo wa asili. Walisema choo, mahali pa kufulia, daraja, ukumbi, mahali watoto watacheza. Ukingo ukazuiwa kwa mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, na juu yake pakawekwa vitu ambavyo vinaingiza shilingi kidogo kidogo. Kikundi ndicho kinaendesha. Kwa hivyo ukimwaga taka pale, unamwaga kwa biashara ya mtu, na utasikia.

Korogocho, vijana walianzisha Komb Green Solutions 2017 na kugeuza jalala la kando ya Nairobi River kuwa bustani. Hawakungoja waziri. Kule Kikuyu, kwenye kinamasi cha Ondiri ambapo Nairobi River inaanzia, wakaazi waliunda Friends of Ondiri Wetland baada ya kuona chanzo kinanyonywa na kukauka, wakarudisha mimea ya ukingoni. Na Karura, ambako Wangari Maathai alipigwa 1999 akitetea msitu, Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu jamii kusimamia msitu pamoja na serikali. Vijana wa Huruma, mtaa wa mabanda unaopakana na msitu, wengine waliokuwa wanakata kuni, wakawa walinzi. Kilichobadilika hapo ni kwamba kulikuwa na karatasi iliyosainiwa, yenye haki na wajibu.

Sasa shuka mpaka Pwani. Gazi, kaunti ya Kwale, ni ghuba inayopokea mito ya Mkurumudzi na Kidogoweni. Mikoko ilikuwa imekatwa vibaya. Wanavijiji wa Gazi na Makongeni, pamoja na wanasayansi wa KMFRI, walianzisha Mikoko Pamoja mwaka 2013. Wanalinda hekta 117 za mikoko ya serikali kwa makubaliano, wanauza hewa ukaa inayohifadhiwa, na pesa zinaingia kwa mfuko wa jamii: maji ya kunywa, vitabu vya shule, zahanati. Wanaamua kwenye mkutano wa kijiji. Mwaka 2017 walipata Equator Prize ya Umoja wa Mataifa, na mwendo huo ukaigwa Vanga. Hiyo mikoko haina askari kila mti. Inalindwa kwa sababu ukikata, bomba la maji la jirani yako linakuangalia.

Na pale Sabaki kwenyewe kuna vikundi vya vijiji vinavyopanda mikoko na kuwaongoza wageni wanaokuja kuona ndege. Wanafanya kazi nzuri. Shida yao ni kwamba wanafagia mlango wa nyumba ambayo vyumba vya juu viko Nairobi. Wapande mikoko elfu, chupa zetu mbili bado zinakuja.

Tunataka nini basi

Sheria hatujakosa. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 62 kinasema mito ni ardhi ya umma, na cha 69 kinaiambia serikali ihimize wananchi kushiriki. Sheria ya Maji tangu 2002 inatambua vyama vya watumiaji wa maji, vile vinaitwa WRUA, ambavyo vinaweza kusimamia kipande cha mto kwa makubaliano rasmi. Huko mashambani ni kitu cha kawaida. Huku mtaani, uliza watu kumi stage ya 56 Kawangware kama wamewahi kusikia WRUA.

Kwa hivyo mimi naona mambo manne, na niko tayari tubishane.

Kwanza, vikundi vya Kibra vipewe mikataba ya kusimamia ukingo, ya miaka, iliyoandikwa. Kama Karura iliwezekana kwa msitu, na Gazi kwa mikoko, ukingo wa Ngong River una shida gani? Ardhi ni ya umma, serikali haimnyang'anyi mtu.

Pili, Kawangware inahitaji mazungumzo na wenye ploti. Mpangaji hawezi kusogeza choo cha lendilodi. Mwenye hati ndiye aambiwe: ukingo huu una mipaka, na ukiuachia, kaunti itakuletea bomba la majitaka. Hiyo ndiyo biashara ambayo mtu mwenye ploti ataelewa. Ukimpelekea tingatinga peke yake, atakupeleka kortini, mto usubiri miaka kumi.

Tatu, bomba kwanza, bustani baadaye. Ukiniwekea benchi na nyasi kando ya maji ya choo umenipiga picha tu. Na kuna haraka, kwa sababu tangu 2018 kunajengwa bwawa la Thwake kule Ukambani, na litajazwa pia na mto huu. Watu wa Makueni na Kitui wamengojea maji miaka mingi. Wanayapata kutoka kwetu, kwa hali tunayoyaachilia. Kumbuka yaliyoipata Nairobi Dam, halafu fikiria dam kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Nne, na hii ndiyo yangu ya moyoni, hiyo meza ya mto iwe ndefu ifike Sabaki. Sijaona kikao cha mito ya Nairobi ambapo mvuvi wa Sabaki ameketi karibu na kijana wa Lindi. Usafi wote tunaofanya unapimwa kwa macho ya mtu anayepita Museum Hill kwa gari. Tungepima kwa anachokuta mvuvi kwa nyavu zake baada ya mvua, tungefanya kazi tofauti kabisa, na pia tungepata mashahidi wasioweza kunyamazishwa na msimu wa siasa.

Msimu wa sasa bado haujaisha. Vijana wako mtoni, pesa zimetengwa, na nyumba nyingine zimewekwa alama. Kabla kandarasi haijafungwa, kila kikundi cha Kibra na Kawangware kinaweza kwenda kwa ofisi ya wodi na kuuliza swali moja tu: siku malipo yakiisha, huu ukingo utakuwa mikononi mwa nani, na karatasi iko wapi?

Kama uko kwa hiyo kazi, niambie kama umeuliza, na ulijibiwa nini. Na kama uko Malindi, Mambrui au Sabaki na unasoma hii, tuambie mwaka huu maji yamewafikia yakiwa namna gani. Sisi wa juu tunataka kujua.